Aliyemsikia Tirza Akisoma

Yokine, Perth
Baada ya Purimu

Dada yangu mpenzi Dorit,

Pokea salamu zetu sote. Natumaini wewe na shemeji Menahem hamjambo huko Auckland, na goti lako limeacha kukusumbua. Mama analilalamikia joto kutwa nzima, basi ujue ni mzima.

Uliniuliza kwenye simu mbona sauti yangu iko chini, nami nikasingizia mafua. Sasa nakueleza.

Shule yetu ya Kiyahudi unaijua. Wapo wasiogusa hata swichi ya taa siku ya Sabato, wapo wanaokuja sinagogi kwa gari, na wapo wasioamini chochote ila supu ya bibi zao. Watoto wote wanasoma Torati darasa moja. Mwaka huu nilikubali kuongoza kamati ya wazazi, kazi ya kujitolea ambayo kila mtu huisifu na kila mtu huikwepa. Tukaamua kwamba asubuhi ya sikukuu ya Purimu wasichana nao wasome kitabu cha Esta mbele ya wote, kazi iliyozoeleka kuwa ya wanaume. Zalman Perlov, mwanakamati mwenzetu aliyeshika dini barabara, alikasirika akaacha kunisalimia.

Halafu ikaja simu ofisini. Mwanamume asiyejitaja, aliyeibana sauti yake, aliniambia kwamba msichana akithubutu kusoma, yeye atakuwepo, tena nisisahau kwamba Purimu watu huvaa vinyago. Polisi walisema huenda ni mzaha, ila wangeweka gari karibu. Kamati ikagawanyika nusu kwa nusu, tuendelee au tuache. Aliyebaki kupiga kura ni Zalman, nami nikajua tumekwisha.

Akasimama akasema, "Mabinti kusoma sikubaliani nako leo, na kesho msiniulize tena. Lakini mtu asiye na uso hanipangii mimi sikukuu!"

Siku yenyewe alisimama langoni akifunua kila kinyago. "Hebu tuone sura, mheshimiwa dubu!" Dubu kumbe ni mwalimu wa hesabu, anatiririka jasho. Usomaji ulipoanza Zalman hakuingia. Alisema anabaki nje ili yeye asisikie na sisi tusikie kwa amani.

Mimi nilikuwa ukumbini. Puto lilipasuka nikadhani ni risasi. Mwanangu Tirza alipofika kwenye majina ya wana kumi wa Hamani, pumzi ilimkatikia katikati. Akavuta nyingine, akamaliza. Tukapiga kelele na njuga kumzomea Hamani, adui wa kale wa watu wetu, tukala vibiskuti vya pembe tatu, tukarudi nyumbani salama. Watu walinikumbatia, wakaniambia nina moyo wa simba.

Dada, nililokuficha ni hili. Jana mchana simu ililia tena, sauti ileile, safari hii ya upole. Alisema, "Tirza kasoma vizuri. Ila mfundishe, wana wa Hamani husomwa kwa pumzi moja." Akakata.

Mtu wa nje hajui desturi hiyo. Tena simu zote zilikusanywa mlangoni, hakuna aliyerekodi. Alikuwa mle ndani nasi. Labda nilimpa kiti. Labda ni mmoja wa walionikumbatia.

Nimewaambia polisi, na nimemwambia Zalman, maana najua watu watamnyooshea yeye kidole kwanza. Aliketi chini taratibu, rangi imemtoka. Akasema, "Basi nilimwona uso. Nikamtakia sikukuu njema, nikampisha."

Nakuomba umpokee Tirza wiki hii, hata kabla ya likizo. Nimemwambia unamhitaji kwa ajili ya goti. Mimi siwezi kuondoka. Nikikimbia, kila nyumba itamkimbia jirani yake, na shule itakuwa imekufa bila jiwe kurushwa. Jioni hii nawaeleza kamati yote. Kesho asubuhi nitasimama langoni niwasalimu wazazi mmoja mmoja kwa jina, na hofu yangu kubwa ni kwamba wote nawajua.

Mama anakubusu. Mwambie Menahem aniombee, hata kama haamini.

Ni mimi mdogo wako,
Ruti