Bomba la Moshi la Shemeji

Mshauri mpenzi, shikamoo, na kama mimi ndiye mkubwa basi nirudishie yangu. Mwili mzima, ila kuna jambo limenikwama kooni kama mwiba wa samaki, naomba unitoe.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, nimezunguka miji saba, mageti yangu yakipangwa mstari yanafika mwezini na kurudi, shule niliishia darasa la sita lakini kichwa hakikuishia hapo. Mwaka jana binti yangu wa miaka tisa, mwenye pumu, alianza kubanwa kifua kila siku ya shule, saa nne, wakati wa mapumziko, na shule hiyo, aliyohamia mwaka huohuo, iko nyuma ya ukuta wa karakana yangu. Nikasema hewa hii lazima ikamatwe na ushahidi. Nikajifunza kwa video za simu miezi minne, nikanunua vipimo vitano vya moshi, vidogo kama kiberiti, nikavivika makopo niliyotoboa, nikavitundika mtaani, nikatengeneza tovuti yenye ramani: nukta ya kijani hewa safi, njano angalia, nyekundu kimbia. Hata mwalimu mkuu huichungulia kabla ya kugonga kengele. Watu wakaniita Profesa, na mimi, mshauri, sikukataa.

Sasa nukta ya ukuta wa shule ikawa nyekundu kila saa nne. Pale kando kuna tanuri la mikate la shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Mimi na mdomo wangu nikasimama kwenye mkutano wa wazazi, nikainua simu, nikasema, "Anayemkaba mwanangu ni mjomba wake!" Shemeji akazima tanuri siku tatu. Nukta ikabaki nyekundu, watu wakasema ni moshi wa zamani haujaisha.

Siku ya nne nilikuwa nachoma mapipa, maana majiko ninayouza nayakata kwenye mapipa ya mafuta, na kabla ya kukata nayachoma kwa oili chafu ili rangi itoke, kazi ya miaka kumi na moja, kila saa nne. Simu ikalia mfukoni: hewa nyekundu. Nikatazama simu, nikatazama pipa. Nikamwaga mchanga juu ya moto. Dakika ishirini, njano. Saa nzima, kijani. Mshauri, nilikaa chini.

Tangu hapo natoa rangi kwa brashi ya waya, mkono umevimba, lakini wiki ya sita hii binti hajabanwa, juzi nimemwona anaruka kamba huku anapiga kelele, mtoto aliyezoea kutazama wenzake tu, nikacheka peke yangu kama kichaa.

Lakini shemeji naye ameacha kuoka mkate wa saa nne, na mtaa mzima unadhani hilo ndilo lililosafisha hewa. Jana kaja, kofia mkononi. "Shemeji, nitengenezee bomba refu la moshi, lipite paa la shule. Mtoto wetu kapata nafuu, sitaki nimuumize tena." Nikapima urefu. Bati nimeshakata. Nikisema ukweli, Profesa kwisha. Nikinyamaza, mtoto si amepona? Nifanyeje?

Profesa wa Mapipa

JIBU

Marahaba, na umri wangu haukuhusu. Kwanza pole, halafu hongera. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nilipofika kwenye kamba nimeshusha pumzi. Mtoto anaruka, yaliyobaki ni matengenezo.

Sasa lete masikio. Nyani haoni kundule, wewe umelichorea na ramani, bado ukamwonyesha jirani kidole! Miaka kumi na moja moshi unakupanda puani, hukujua ni wako? Na huyo uliyemsema mbele za watu alizima moto wake bila kubisha. Ungeambiwa wewe uzime mapipa siku tatu, ungeleta wakili.

Mtoto amepona, ndiyo. Mjomba wake hajapona. Anaamini alikuwa anamuua, na neno hilo ulimpa wewe.

Weka chini hilo bati. Kesho nenda tanurini, fungua tovuti yako, siku zote si zimehifadhiwa humo? Mwonyeshe zile siku tatu alizozima, mwonyeshe na dakika ulipomwaga mchanga. Useme, "Nilikuwa mimi, nisamehe," kisha unyamaze, najua itakuwa kazi. Mkeo amsikie mumewe akisema, asisikie kwa kaka yake. Mkutano ujao wa wazazi simama palepale, inua simu ileile. Profesa hataisha hapo. Fundi anayejikamata kwa chombo alichokitengeneza mwenyewe, huyo hata mimi namruhusu atundike kopo ukutani kwangu. Na kando ya nukta ile uandike jina la karakana yako, ili siku brashi ikikuchosha ukarudi kuchoma, mtaa ukuone.

Bomba lisubiri. Mwombe shemeji aoke tena saa nne, mtazame nukta pamoja wiki nzima. Ikigeuka njano, mjengee bomba, wala usithubutu kutaja malipo. Ikibaki kijani, mkate wa kwanza kutoka tanurini mpelekee binti yako ungali wa moto, umwambie umetoka kwa mjomba.