Maneno Niliyokutolea Ndani ya Treni ya Osaka

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa kwenye kibaraza cha nyuma, pale ulipopenda kuketi ukichambua mchele. Huu ni mwezi wa tano tangu tukuzike. Mishomoroni yetu hapa Kisauni ni ile ile, majirani ni wale wale na kelele zao. Mimi ndiye niliyegeuka mtu wa kuzungumza peke yangu jikoni, hata Rehema mwanangu huniuliza, "Mama, wazungumza na nani?" Namwambia nasoma dua. Mara nyingine ni kweli.

Nataka tukumbuke Osaka, mama, kwa sababu kuna jambo liko huko sijalimaliza.

Unakumbuka Athumani, kitinda mimba wako, alivyopiga simu kusema amekukatia tiketi? Miaka saba alikuwa huko akifungua magari mabovu na kutuma vipuri huku kwetu, na miaka saba ulikuwa ukimwona kwenye simu tu. Alitukatia tiketi mimi na Rehema pia ili usisafiri peke yako. Wiki mbili za kutembezwa. Ulikaa kitako, ukatafakari, ukauliza swali moja tu: "Huko kibla ni upande gani?"

Kisha ukaingia jikoni. Siku tatu ulikaanga visheti, ukajaza kindoo kizima. Nilikwambia Japani kuna chakula. Ukanijibu bila kunitazama: "Chakula kipo. Changu ndicho hakipo. Mimi siendi kwa watu mikono mitupu."

Siku za mwanzo zilikuwa tamu, wallahi. Ulitoka chooni kwa Athumani uso umekukunjuka: "Mwanangu, hawa watu wajua kustanji! Maji yaja yenyewe, tena ya moto!" Ulipoona kila mtu avua viatu mlangoni, ukasema hawa ni jamaa zetu, tulipotezana tu. Kwenye lile gurudumu kubwa la kupandisha watu juu ulifumba macho ukasoma Ayatul Kursi kutoka chini hadi juu, ukatuamrisha tukusimulie mji ulivyo. Na kule kwenye ngome ya wafalme wao wa kale, tulipoingizwa kwenye lifti, ukauliza kwa sauti, "Ngome ina lifti! Basi na adui naye alipanda lifti?" Rehema alicheka hadi akashika ukuta.

Na ulisalimia. Ewe mama, ulivyosalimia watu! Kwenye foleni, kwenye lifti, madukani, mkono kifuani: "Hamjambo?" Wengi waliinamisha kichwa, na wewe ukahesabu kuwa umeitikiwa. Mimi nilikuwa nikifa kwa haya. Unajua kazi yangu. Miaka kumi na minane nimesimama mapokezi kwenye hoteli ya Shanzu, nimefundishwa namna ya kusimama, namna ya kucheka, na kwamba mgeni hapendi kusumbuliwa. Nilijiona mjuzi wa wageni. Kwa hiyo kila uliposalimia mtu nilitazama kando, kama mtu aliyefuatana nawe kwa bahati mbaya.

Ilikuwa siku ya tisa, tukitoka ngomeni. Treni imejaa na hakuna anayezungumza. Rehema akasema ana njaa, ukafungua mkoba ukatoa kibakuli cha visheti. Sasa kwetu nani hutafuna mbele za watu bila kuwakaribisha? Nilikunong'oneza tule tu, au tungoje tufike. Ukashangaa kweli kweli. "Twala vipi na watu watutazama?" Wala hakuna aliyekuwa akitutazama. Ukainuka, treni yaenda, mkono mmoja umeshika chuma na mwingine kibakuli, ukaanza: "Karibuni. Karibu, baba. Karibu, mwanangu."

Kijana mmoja alitikisa kichwa. Mwanamke mmoja aliinama, akatabasamu, hakuchukua. Kisha ukamfikia bibi wa rika lako, nywele amezitia rangi ya zambarau. Huyo alikitazama kibakuli, akakutazama wewe, akachukua kisheti kimoja kwa mikono miwili. Halafu akaingiza mkono mkobani mwake, akawa anapekua. Nikajua yamekwisha. Nilidhani anatafuta karatasi akizonge akitupe, au simu aite walinzi. Niliruka pale nilipokuwa, nikakunyang'anya kibakuli.

"Mama, kaa chini! Watuaibisha! Hapa si Kisauni!"

Nilikufokea, mama. Katika behewa ambalo hata kikohozi kilikuwa hakisikiki. Wale watu hawajui Kiswahili, lakini mtoto akimkaripia mamake hapahitajiki mkalimani. Walitazama viatu vyao kwa ajili yako. Ukasema, "Haya, mwanangu," ukakaa, ukakunja mikono mapajani. Athumani alinitazama mara moja kisha akageukia dirisha. Kituo kilichofuata niliwashusha nyote kabla yule bibi hajautoa mkono wake mkobani, ingawa hatukuwa tumefika.

Laiti ungenikasirikia. Ungenipiga kofi pale pale ningekushukuru leo. Wewe hukukasirika. Ulianza tu kuniomba ruhusa. "Hapa ruhusa kusalimia?" "Nivae buibui hii, au haifai?" Siku tulipokwenda kwenye ule mto wa mjini wenye mataa na mabango makubwa, ule uliokuwa ukiungojea tangu nyumbani, ulisimama mikono ndani ya buibui. Nikakuuliza, "Mama, kuzuri?" Ukanijibu, "Wewe waonaje?" Mwanamke uliyekuwa na neno juu ya kila kitu chini ya jua, ukawa waogopa kusema mbele yangu kama taa ni nzuri.

Nilidhani tukirudi kwetu hofu hiyo itakwisha. Kwa wengine ilikwisha. Nilikuwa nikikaribia mlango nasikia kicheko chako na mashoga zako hadi barabarani, nikiingia na sare zangu za hoteli unashusha sauti. Nilijifanya sioni.

Kisha ukaugua. Wiki ile ya mwisho nililala chumbani mwako, kitanda changu karibu na chako. Asubuhi moja niliamka nikakuta midomo yako imekauka, kikombe cha maji kiko sakafuni usipoweza kukifikia. Nilikuuliza kwa nini hukuniita, nami niko hapa, ungeniita mara moja tu ningeitika abee.

"Ulikuwa umelala vizuri," ukasema. "Sikutaka kukusumbua."

Neno hilo ndilo ninalowafundisha wasichana wapya pale kazini: usimsumbue mgeni. Mama, ulikuwa umenifanya mgeni. Mimi uliyeninyonyesha.

Kwa nini sikukuomba radhi saa ile ile? Ulimi ulikuwapo. Kazini kwa siku moja nasema samahani mara mia, chai imepoa, taulo zimechelewa, kima ameingia chumbani akaiba ndizi. Kwako wewe nilingojea siku nzuri. Nilisema Ijumaa. Nikasema Idi. Nikasema ukipata nafuu. Hukupata.

Siku ya mazishi mjomba alisimama nje mbele ya jeneza akasema, "Yeyote aliyekosewa na marehemu, tunamwomba amsamehe." Wanaume wakaitikia kwa pamoja, "Tumemsamehe." Nilikuwa ndani na wanawake, nikingoja aulize na upande wa pili: ni nani aliyemkosea marehemu? Hakuuliza. Huwa hakuna anayeuliza.

Athumani alifika siku ya tatu, maziko hakuyawahi. Tulilia hadi tukachoka, kisha nikamwambia habari ya treni, kwamba inanila. Akasema, "Dada, yule bibi alikuwa akitafuta peremende."

Sikumwelewa.

"Mabibi wa Osaka ndivyo walivyo. Hutembea na peremende mkobani, humpa yeyote, hata wasiyemjua. Alikuwa akitaka kumpa mama na yeye. Nilitaka kukwambia siku ile ile, nikaona umewaka."

Basi wewe uliyetoka Mishomoroni na kindoo, usiyejua neno lao hata moja, ulikuwa umempata katika mji ule mkubwa mtu wa desturi kama yako, mkaelewana bila kusemezana. Na mimi mjuzi wa wageni nikakunyang'anya kibakuli. Tangu aniambie, hakuna siku nimeingia kazini nikajiamini.

Shehe ameniambia nikuombee dua, nikutolee sadaka, niwatembelee mashoga zako. Nayafanya yote, inshallah sitaacha. Lakini moyo ulikuwa haujatulia, na nadhani nimejua sababu. Dua zangu nakuombea chumbani, mlango umefungwa, nami nilikukosea mbele ya watu. Ndiyo maana barua hii sikuikunja nikaiweka kabatini. Nimeitoa isomwe na majirani, na wenzangu wa kazini, na asiyetujua. Jana nimemsomea Rehema mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa naye alikuwamo behewani, aliyasikia kwa masikio yake.

Mola akupanulie kaburi lako, mama, alitie nuru.

Na watu wote wanisikie: mama yangu hakumwaibisha mtu siku ile. Aliyeaibisha ni mimi. Niwie radhi.

Mwanao, kifungua mimba wako