Tarumbeta Ulilompigia Zuhura

Mpendwa Baba Zuhura,

Sijui kama u hai, na huko Tanga ulikokimbilia sina mtu wa kumtuma. Lakini hasira zangu bado zina nguvu, kwa hiyo nakuandikia.

Unajua nilivyoichukia jazi. Tumemzika mwanetu, hata arobaini haijafika, wewe umeshachukua tarumbeta umekwenda kuwapigia wageni hotelini Diani. Siku ya maziko hukutoa chozi. Nikasema huu ni muziki wa watu wasio na moyo, na kila jazi ilipolia kwenye redio ya jirani nililibamiza dirisha.

Bendera ya uhuru ilikuwa bado mpya mjomba alipokuja kunichukua Msambweni, bakora mkononi. "Leo atatoa talaka, atake asitake," aliniambia. Nilifurahi. Nilitaka talaka yangu, na nilitaka akuvunje mbavu kwanza.

Tulikukuta kwenye ukumbi wa dansi Ukunda, alasiri, watu wamejaa hadi mlangoni. Mjomba akapenya kwa viwiko, mimi nyuma yake. Ulituona, hukuacha kupiga. Ulifumba macho, ukaishusha sauti mpaka chini kabisa, kisha ukaipandisha na kuikata, ukaipandisha na kuikata, kama mtu anayejigonga kichwa ukutani. Mishipa ya shingo ilikutoka. Nilikijua kile kilio. Ndicho nilicholia mimi siku ile, wewe umesimama mlangoni na jembe, macho makavu. Watu walikuwa wanacheza, hawajui wanacheza matangani. Sijawahi kupigwa na mtu kama nilivyopigwa na tarumbeta lile.

Nikamvuta mjomba kanzu. "Mjomba, basi. Turudi."

"Turudi wapi?"

Akanisukuma. Bakora ikatua juu ya tarumbeta likiwa bado mdomoni mwako, nikasikia meno yakivunjika. Akakupiga bega, akakupiga kichwa, ulipoanguka akakukanyaga vidole. Wenzako wakamvamia. Viti viliruka, mpiga ngoma akapasuliwa paji la uso, nami nikampiga ngumi kila aliyekuwa mbele yangu ili nikufikie. Nilifika nguo zimelowa damu ya watu nisiowajua.

Ulinitazama. Ulidhani nimekuja kukumaliza, na ungedhani nini kingine?

"Mama Zuhura," ulisema, damu inakuchuruzika kidevuni, "nimekuacha. Nenda zako."

Nilitaka kukwambia kwamba nimekusikia. Mjomba alikwisha kunishika mkono, ananiburuta nje huku akiwataka watu wawe mashahidi.

Wanasema hukupiga tena, kwa mdomo ule. Ninamchukia mjomba mpaka leo, na yumo kaburini. Nawe ninakuchukia kwa kutolia mbele ya macho yangu, tukalia pamoja.

Siku hizi jazi ikilia redioni naacha kazi, nasikiliza mpaka mwisho. Wanapiga vizuri sana. Hakuna hata mmoja anayemjua Zuhura.

Popote ulipo, Mungu akupe pumzi.

Niliyekuwa mkeo,
Mama Zuhura