Usikate Kabla Mikono Haijashuka

Dunda, Bagamoyo
11 Mei 2025

Mpendwa kaka yangu Shamsudin,

Assalaam alaykum, na shikamoo kaka. U hali gani huko Maskati na lile joto lenu? Mgongo umepoa? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Goti la Mama lilimsumbua masika yalipoanza, lakini sasa anakwenda hadi kwa jirani yetu Bi Kuruthumu na kurudi bila mkongojo, na akirudi ana habari za mtaa mzima.

Ningeweza kukutumia sauti kwenye simu, ila mambo haya nataka uyasome kwa utulivu. Ndiyo maana nimempa Ibrahimu barua, maana anarudi huko wiki hii.

Uliniuliza kwa nini mwanao Adila hukimbia kila unapopiga simu ya video. Ulidhani ana kinyongo kwa vile ulisafiri ukamwacha. Nami nilidhani hivyo hivyo, sikukwambia tu. Sasa nimejua sababu, na nimeijulia kazini kwangu.

Unajua mimi na mwenzangu Yunus tunatengeneza katuni kwa kompyuta. Mwaka huu tulipata kazi ya kisa kifupi kwa lugha ya alama, kwa ajili ya darasa la watoto viziwi analosoma Adila. Msichana kapotelewa na mbuzi, anawauliza majirani mmoja mmoja. Mwalimu wao alitufundisha alama, nasi tukazichora kwa uangalifu.

Kazi ya kukata ilikuwa yangu. Chini ya kioo cha kompyuta kuna mstari wa muda, na juu yake naamua: hapa tuone kwa kamera ya mbali, hapa nikate twende kwenye ya karibu, hapa turudi. Nilikata kama nilivyozoea. Mtu akianza kusema, namsogelea usoni. Kabla hajamaliza, nahamia kwa anayemsikiliza. Kisa kikawa kinakwenda mbio, Yunus akafurahi.

Nikamwonyesha Adila nyumbani. Alitazama kidogo, akainuka, akaenda uani kucheza na paka. Moyo uliniuma, kaka. Nikamfuata na alama zangu za kuungaunga: "Mbaya?"

Akanivuta mkono mpaka kwenye kompyuta, akairudisha picha nyuma, akaisimamisha pale msichana anapouliza habari za mbuzi. Kwenye kioo palikuwa na uso mtupu. Adila akaweka kidole chini ya kidevu cha yule msichana, kisha akanigeukia: "Mikono iko wapi? Hasemi kitu."

Kumbe kila nilipokata, nilikuwa namziba msichana wa watu mdomo.

Tukaanza upya, yeye kando yangu, mimi nasogeza vipande kwenye mstari. Mikono ikiwa bado hewani, anatikisa kichwa. Ikishuka, ananigonga bega, nami nakata. Kamera za karibu nikazirudisha nyuma hadi kiuno kionekane.

Yunus alipoona alisema, "Hija, hii imepoa. Watu watalala."

Nikamwambia, "Watu gani? Aliyetengenezewa yuko macho."

Alinuna. Kesho yake akaja mwenyewe kuomba achore upya vidole, maana sasa vilionekana vyote na vingine havikuwa sawa.

Alhamisi tuliionyesha darasani. Jirani mmoja anaapa kwa mikono miwili kwamba hajamwona mbuzi, huku mkia unachezacheza mlangoni nyuma yake. Darasa zima liliangua kicheko. Adila alisimama akawa anawaonyesha wenzake ule mkia. Mtoto huyu, kaka, ambaye tangu likizo alikuwa analia asubuhi asiende shule!

Njiani kurudi ndipo simu zako ziliponijia akilini. Ukipiga, uso wako unajaa kioo kizima, unaongea kwa mapenzi yote, naye haoni ila midomo inayocheza. Hana kinyongo. Nasi hapa nyumbani hatuna tofauti, tunamsemesha huku tumempa mgongo, tunakoroga chungu.

Basi simamisha simu mezani, kaa mbali kidogo, mikono yako ionekane. Mwalimu amenirekodia salamu, nitakutumia: "hujambo", "umekula?", "nimekukumbuka". Usiogope kukosea. Mama amejifunza "njoo ule", ingawa akiifanya utadhani anafukuza kuku, na Adila anacheka mpaka anakaa chini. Lakini anakuja kula.

Msalimie sana Abdillah unayeishi naye. Mama anakuombea kila swala, Yunus na Bi Kuruthumu wanakusalimu.

Jambo la mwisho. Viziwi hupeana majina ya alama, na Adila amekuchagulia lako. Nilitaka nikueleze hapa linavyofanywa, akanishika kalamu. Anasema atakupa mwenyewe, Ijumaa, ukipiga.

Mola akulinde ugenini, akurejeshe mlangoni kwa Mama ukiwa na afya na furaha.

Ni mimi dada yako nikupendaye,

Hija