Kiti Kando ya Mkwe

Entebbe, Jumatano asubuhi

Nantongo mwanangu,

Mama yako nimelala hoteli ya ziwani, karibu kabisa na uwanja wa ndege, na dirisha langu linatazama maji. Waambie jirani zako huko Kanada! Vazi langu jipya la gomesi limewanyamazisha wageni wote.

Shida ni mumeo uliyemtuma aje kunichukua. Leo ameingia kunywa chai nami nipo mezani, basi nikajifunika kitambaa cha meza, mimi na kikombe changu.

"Mama nnyabo, yule bwana amekufanya nini?" mhudumu akaninong'oneza.

"Amemwoa binti yangu."

"Uwii! Basi jifunike vizuri, mguu unaonekana!"

Sasa nasikia viti vyetu ndegeni vimeshikana. Kwa mila yetu, mkwe akinigusa, mikono si itatetemeka hadi kaburini? Mtoto wako mchanga nitampakata kwa mikono gani? Wajukuu wawili wa mwanzo nimewaona kwenye simu tu. Huyu simkosi.

Kwa hiyo napanda. Mikono nitaifunga ndani ya shali, mafundo mawili. Mhudumu anaipiga picha barua hii akutumie, ujue mapema: ukitupokea, nifungue wewe mwenyewe, kisha uniwekee mtoto mikononi.

Mimi mama yako, bado sijatetemeka,
Nnaalongo Teopista