Mzima Tu, Mwanangu

Mwangaluka, mayu! Mama yangu, huko Dar mmeamkaje?

Upepo wa Bariadi bado ule ule, vumbi na nyuzi za pamba mpaka kwenye nywele. Jana, katika utafiti wetu sisi manesi kuhusu presha kwa watu wa mjini, niliingia kwa bibi mmoja nyuma ya soko. Nikapiga magoti kumsalimia, kama ulivyonifundisha tulipokaa Dutwa. Akagoma kujibu maswali mpaka nile kwanza michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na karanga. Mayu, ladha ile ile ya jikoni kwetu! Nikawa mtoto tena, nakusubiri utoke shambani.

Nilipomaliza kula nikamuuliza afya yake. "Mzima tu, mwanangu," akasema huku anacheka. Nikamfunga kipimo mkononi, presha ikasoma juu mno. Alikuwa amenijibu kama mtu anavyojibu salamu. Nilimpeleka hospitali mwenyewe, leo ana nafuu.

Lakini sauti yake haijanitoka masikioni, maana ndivyo unavyonijibu kwenye simu, na kicheko hicho hicho.

Kapime kesho, mayu. Nakuletea michembe, nataka tuile wote wawili.

Wako,
Kabula