Kitambaa cha Jorinde

Oldenburg, Jumapili

Dada Antje,

Mvua bado inanyesha huku. Mama alioka keki ya plamu ya kuuza kwenye mechi yetu ya leo, na nusu nzima imebaki.

Jorinde, kiungo na nahodha wa timu ninayoifundisha, alianza kuchechemea uwanjani. "Kocha, niache nicheze bwana, goti linauma kidogo tu." Hata mimi zamani nilimbembeleza kocha wangu hivyo hivyo, akaniacha nicheze na goti bovu, na ile ikawa mechi yangu ya mwisho. Nikamtoa Jorinde. Tukafungwa, na sasa tumeshuka daraja.

Alinitupia kitambaa cha unahodha miguuni. "Unanionea wivu tu, kwa sababu wewe huwezi tena."

Nilikiokota. Laiti nami ningekuwa na kocha wa kumchukia hivyo, dada, leo ningekuwa bado nacheza.

Mdogo wako,
Wiebke